Kodi Kamili na Nyumba Pungufu



Usiku mmoja katika darsa yetu ya baada ya Isha liliulizwa suali ambalo tumeona haifai kuliacha liishie msikitini. Muulizaji ni mtu wetu, hukaa safu ya mbele, wala hatumjui kwa dhuluma. Amerithi kwa marehemu baba yake nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita mtaani Majengo, hapa Mombasa, na vyumba vitano amevipangisha. Boriti inayobeba paa la ukumbini imeliwa na mchwa hata ikapinda. Mpangaji mmoja, mwenye mke na watoto wanne, alimwambia mara tatu aibadilishe. Mara ya kwanza alijibiwa inshallah. Mara ya pili aliambiwa kuwa fundi yuko safarini. Mara ya tatu kodi ikapandishwa. Mpangaji naye akaizuia kodi ya miezi miwili. Ndipo mwenye nyumba alipotuuliza: Mtu akaaye nyumbani kwangu bila ya kunilipa, je, si ananidhulumu? Na sala aisaliyo ndani ya nyumba hiyo, je, yasihi?

Twakiri mbele yenu kwamba usiku ule tulilishika suali la sala. Vitabu vilifunguliwa, yakatajwa waliyoyasema maulamaa juu ya kusali katika mahali palipoghusubiwa, wengine wakathibitisha, wengine wakapinga, na saa moja nzima ikapita. Kisha mzee mmoja seremala, akaaye karibu na mlango wala si mwingi wa maneno, akauliza: Na ile boriti, mpaka sasa iko vile vile?

Tukanyamaza sote. Hapana hata mmoja wetu aliyekuwa ameiuliza. Watu kumi na zaidi walikuwa wamelala chini ya boriti ile kila usiku, nasi twajadiliana juu ya sala ya mmoja wao. Basi makala haya ni jawabu ya suali lile, na pia ni toba yetu.

Tuanze na msingi. Kodi ni thamani ya kitu gani? Watu wengi hudhani kwamba kodi ni haki ya mtu kwa kuwa ana milki, kana kwamba matofali yenyewe yanadai kulipwa. Sivyo isemavyo sharia. Ijara, yaani kukodisha, ni kuuza manfaa. Mwenye nyumba haiuzi nyumba yake, anauza kukaa ndani yake, siku baada ya siku. Na kukaa huko kuna maana. Neno letu maskani limetoka katika asili moja na sakina na sukuni, yaani utulivu. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl amezihesabu nyumba katika jumla ya neema zake, akazitaja kuwa ni pahali pa mtu kupata utulivu. Basi auzaye maskani anauza utulivu. Chumba ambacho mama hulala ndani yake jicho moja liko kwenye dari kina kuta nne na mlango, lakini kile kilichouzwa hakimo ndani yake.

Kwa sababu hiyo mafakihi hawakuliacha jambo hili lielee. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj, kitabu ambacho darsa za pwani yetu zimekisoma vizazi kwa vizazi, kwamba matengenezo ya nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenye nyumba, na asipoitengeneza mpangaji ana hiari ya kuyavunja mapatano. Wala hawakuishia kwenye neno la jumla, bali walishuka mpaka kwenye mambo madogo. Theluji ikijaa juu ya paa, kuiondoa ni kazi ya mwenye nyumba, na taka za uani ni kazi ya mpangaji. Sisi hatuna theluji, lakini tuna mvua za masika, na mwenye akili ataelewa kwamba paa ni la mwenye paa popote alipo.

Kwa hukumu hiyo, mpangaji wetu naye hakusibu alipozuia kodi na huku akaendelea kukaa bila ya mapatano. Hiari aliyopewa ni kutoka, au kukaa na kulipa. Walakini tuwe waadilifu. Mtu mwenye watoto wanne, asiyekuwa na akiba ya kodi ya mwezi mmoja ya mahali pengine, ana hiari ya jina tu. Tukimwambia, Kama hupendi, hama, tunamwambia achague baina ya boriti na barabara. Makosa ya watu wawili hawa si sawa. Mmoja amezuia fedha ambazo aweza kuzilipa kesho. Mwingine amezihatirisha roho ambazo zikitoka hazirudishwi na mtu.

Nasi twasema zaidi ya hayo. Kuna sura katika Kurani iliyoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, ambao wakipokea hutaka kamili na wakitoa hupunguza. Tunapoisoma Suratul-Mutaffifin, mawazo yetu hukimbilia sokoni, kwa muuza mchele na mizani yake. Kwa nini hayaendi kwenye nyumba zetu za kupangisha? Mwenye nyumba apokeapo kodi yake hadi shilingi ya mwisho, na siku ya tano ya mwezi ikamkuta mlangoni, naye ametoa chumba kinachovuja, choo kilichojaa na waya za umeme zilizo wazi, amepokea kamili akatoa pungufu. Mizani yake haionekani kwa macho, lakini kidole chake kimekaa juu yake.

Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta chini ni majimaji. Alipoambiwa kuwa ni mvua, alimkemea mwenye chakula kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, na akamtoa mwenye kughushi katika jamaa yake. Hebu tupime. Ukuta umepasuka kutoka msingi hata dirishani. Mwenye nyumba anatia plasta nyembamba, anapaka rangi, anamwita dalali, na mpangaji mpya anaingia akifurahia weupe wa ukuta. Kuna tofauti gani baina ya ufa huo na majimaji yale? Tofauti ni kwamba chakula kibovu huonekana siku ya pili, na ukuta mbovu huonekana siku ya kuanguka. Dalali naye asijidanganye kwamba yeye ni mjumbe tu. Mafakihi wamesema kwamba ajuaye aibu ya kitu kiuzwacho ni wajibu wake kuieleza, hata kama si chake.

Sasa tuutazame mji wetu, kwani haifai kulaumu bila ya kueleza ugonjwa. Katika sehemu nyingi za Mombasa, na Majengo ni mfano wake, nyumba na ardhi si za mtu mmoja. Ni desturi ya tangu zama za wakoloni: mwenye kiwanja hupokea kodi ya ardhi, mwenye nyumba hujenga juu ya kiwanja kisichokuwa chake, kisha huvipangisha vyumba kwa watu wa tatu. Huitwa nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba huogopa kuweka fedha nyingi mahali ambapo aweza kupewa ilani ya kuondoka. Mwenye kiwanja husema, Nyumba si yangu. Mpangaji husema, Mimi mpita njia tu. Basi boriti inaoza katikati ya watu watatu, na kila mmoja ana hujja yake. Hofu ya mwenye nyumba ni ya kweli, wala hatuikanushi. Lakini sharia haimuulizi kama ana hati ya ardhi. Yamuuliza: Je, ulipokea kodi? Akiwa ameipokea, basi amebeba dhamana ya kile alichokikodisha kwa muda alioupokelea.

Na mahali ambapo ardhi ni ya mtu mwenyewe, tumeona balaa nyingine. Nyumba ya chini iliyowekewa msingi wa chumba kimoja huongezwa ghorofa ya pili, ya tatu, na ya nne, kila mwaka wa fedha ghorofa moja. Mchanga huchotwa ufuoni kwa kuwa ni wa bure, hutiwa katika zege pamoja na chumvi yake, na chumvi hiyo hula chuma kilicho ndani polepole bila ya mtu kuona, mpaka chuma kikafura na zege likapasuka. Zege halimwagiwi maji siku zinazotakiwa kwa kuwa maji ni ya kununua, nalo hubaki dhaifu. Mita moja ya umeme hugawiwa vyumba kumi kwa waya nyembamba zisizoweza kubeba mzigo huo. Madirisha hutiwa nondo kwa ajili ya wezi, na mlango wa nje hufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja, hata moto ukizuka, nyumba iliyofungwa dhidi ya mwizi hugeuka gereza la wenyewe. Kisima huchimbwa uani hatua chache kutoka shimo la choo, kisha kipindupindu kikija twauliza kimetoka wapi.

Mambo haya si ya kubuni. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa la vyumba vya kupangisha lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, karibu na mto. Walikufa watu zaidi ya 40. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa na wenye mamlaka kuwa si salama, na kutakiwa libomolewe. Na watu waliendelea kukaa humo. Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu. Hatari ilijulikana na ikaandikwa, wala isiwazuie watu kulala.

Hapa ndipo tunapokutana na neno ambalo twalisikia katika kila matanga ya namna hii: Ni kadari ya Mungu, siku zao zilikuwa zimefika. Neno la kweli, lakini limewekwa mahali pa uwongo. Sisi twaamini kadari, ya kheri na ya shari, wala hapana afae kabla ya siku yake. Lakini kuiamini kadari si ruhusa ya kuutengeneza msiba kwa mikono yetu kisha kuupeleka mbinguni. Aliyemuuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliamrishwa amfunge kwanza. Mwenye nyumba aliyeambiwa mara tatu juu ya boriti ni mtu aliyeambiwa mara tatu amfunge ngamia. Akikataa, kisha akasema kadari, anataka Mwenyezi Mungu abebe lawama yake, naye abaki na kodi.

Tena wanavyuoni wa fikihi, ambao imani yao ya kadari haina shaka, hawakukubali udhuru huu katika hukumu. Wamelijadili suali la ukuta ulioinama kuelekea njiani ukamwangukia mtu. Mwenye kuujenga ukiwa umeinama tangu mwanzo, ni juu yake dhamana. Ama ukijengwa sawasawa kisha ukainama, hapo wamekhitalifiana. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wamesema kwamba akionywa na kutakiwa auvunje, naye ana uwezo, akapuuza, basi ni dhamini. Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu haimtozi dhamana, na iko kauli nyingine imtozayo ikiwa aliweza kuurekebisha. Twayataja haya kwa uaminifu, ili asije mtu akadhani tunaficha kauli isiyotupendeza. Lakini angalieni: ikhtilafu yao ni juu ya nani alipe diya. Sisi tunauliza jambo jingine: ni nani awezaye kusimama mbele ya Mola wake na kusema, Nilionywa, nikaweza, nikaacha? Mtu aweza kuokoka kwa kadhi wala asiokoke huko.

Uko pia upinzani ulio mzito zaidi, nao hautoki kwa matajiri. Mjane mmoja mwenye nyumba alituambia: Mimi sina pato ila vyumba vitatu hivi. Nikitengeneza kila kitu mtakacho, itanibidi nipandishe kodi, na wapangaji wangu ni wachukuzi na waosha nguo, hawawezi. Watakwenda kukaa wapi? Nyumba mbaya si bora kuliko kukosa nyumba?

Hili ni neno la mtu mwenye huruma, na hatuwezi kulijibu kwa kelele. Jawabu yetu ni kwamba yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ufukara wa nyumba na hatari ya nyumba. Wanavyuoni wa usuli wamezipanga haja za watu kwa daraja: kuna mambo ya dharura ambayo bila ya hayo maisha huharibika, kuna mambo ya haja ambayo bila ya hayo watu hupata mashaka, na kuna mambo ya kupendezesha. Kuhifadhi roho ni katika daraja ya kwanza. Basi chumba kidogo, chenye sakafu isiyo na marumaru, paa la makuti na choo cha kushirikiana, si haramu kukipangisha kwa kodi ndogo. Masahaba wamekaa katika vyumba duni kuliko hivyo. Lakini paa litakaloanguka, waya itakayoua, mlango usiofunguka wakati wa moto, na kisima kilichoingiliwa na choo, hayo hayakuhalalika kwa sababu mpangaji ni masikini. Umasikini wake humhalalishia chumba kidogo, haumhalalishii kifo. Ianze kwanza iuayo, kisha iuguzayo, kisha ichukizayo. Mjane wetu akiupanga hivi mzigo wake ataona kwamba jambo la kwanza si nyumba mpya. Huenda likawa ni boriti moja, au fundi wa umeme wa siku moja.

Ikiwa hata hilo hawezi, basi hapo wajibu umehama kutoka kwake umekuja kwetu. Tuna fedha ngapi zitokazo kila mwaka kwa ajili ya khitma za kushindana kwa sahani, na harusi za siku tatu, na mapambo ya misikiti ambayo tayari imepambwa? Hatusemi watu wasile wala wasifurahi. Twasema kwamba sufuria zinazopikwa katika hitima ya aliyeangukiwa na ukuta zingaliutosha ukuta wenyewe.

Wala tusiwasahau nyumba za wakfu. Watu waliotutangulia walitoa nyumba zao ili kodi zake ziendeshe misikiti, vyuo na mayatima. Fikihi imesema wazi kwamba pato la wakfu huanza kutumika katika matengenezo ya wakfu wenyewe, kabla ya kumfikia anayestahiki, kwani wakfu ukibomoka hapana tena sadaka yenye kuendelea. Walakini tumeziona nyumba za wakfu ambazo kodi hukusanywa kila mwezi na misumari haikununuliwa miaka kumi. Msimamizi akiulizwa hujibu kwamba fedha zote zimekwenda kwa msikiti. Hili ni kosa lililovishwa kanzu. Msikiti hauombi mafuta ya taa yaliyonunuliwa kwa usalama wa mpangaji, na aliyeweka wakfu hakukusudia thawabu yake ijengwe juu ya hofu ya mtu.

Ama wapangaji, msidhani makala haya yamewapa hati ya kufanya mtakalo. Mpangaji kwa sharia ni mwaminiwa, nyumba ni amana mkononi mwake. Kuvuta umeme wa wizi, kuwasha jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kutupa taka katika mfereji kisha kulalamika kwa mafuriko, kuwajaza watu wanane katika chumba kilichopatanwa watu watatu, na kuhama usiku na deni la kodi, yote hayo ni khiana. Mara nyingi mwenye nyumba asiyetengeneza amefundishwa na mpangaji asiyelipa. Asiyezitimiza zake hana uso wa kudai.

Watu husema: Serikali iko wapi? Nasi twasema, sheria ya nchi haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makao yafaayo na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, imeweka sharti ambalo limo katika mapatano ya kupangisha hata kama halikuandikwa, kwamba nyumba ya kukaa iwe yafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza, na ibaki hivyo muda wote wa mapatano. Mwenye kujua ataona kwamba maneno haya hayakwenda mbali na yale ya Minhaj. Twapaswa kuyajua na kuyadai kwa adabu, kwani haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama fedha iliyozikwa.

Tena watawala wema wa Kiislamu hawakuliona jambo la nyumba kuwa dogo. Tabari amepokea kwamba Kufa ilipoungua, kwa kuwa nyumba zake zilikuwa za matete, Sayyidna Umar aliwaruhusu watu kujenga kwa matofali, akawawekea mpaka wa vyumba vitatu, na kuwakataza kushindana kwa majumba. Njia kuu ziliwekwa upana wa dhiraa 40, na vichochoro dhiraa 7. Leo tunavyo vichochoro mjini mwetu ambavyo jeneza hupita kwa kuinamishwa ubavu, wala gari la kuzima moto haliwezi hata kuvikaribia. Na Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasib, alimweka kuwa mtu wa kuangalia kuta za watu pamoja na mizani zao. Leo hatuna muhtasib, lakini amri ya kuamrisha mema na kukataza maovu haikuondoka pamoja naye.

Basi hatukutaka darsa yetu iishie katika maneno. Tumekubaliana mambo manne, nasi twawausia wenzetu wa mitaa mingine wayatazame. Kwanza, kila mmoja wetu mwenye nyumba aizungukie yeye mwenyewe kabla ya masika, pamoja na fundi, aangalie paa, kuta, umeme, kisima na choo, na aandike aliyoyaona. Pili, mapatano ya kupangisha yaandikwe, kama Mwenyezi Mungu alivyotuamrisha katika Suratul-Baqara kuandika madeni yetu, na aibu za nyumba zitajwe humo bila ya kufichwa. Tatu, panapokuwa na jambo la hatari na mwenye nyumba hana fedha, wapatane na mpangaji, kodi itangulizwe au itengwe kwa ajili ya matengenezo, mbele ya mashahidi, ili mmoja asizuie na mwingine asipuuze. Nne, tumeanzisha sanduku dogo la kardhi hasan, mkopo usio na riba, kwa ajili ya boriti, waya na mashimo ya vyoo vya wale wasioweza. Fedha zake bado ni chache, nao wanaorudisha tumewakuta ni wengi kuliko tulivyodhani.

Ama muulizaji wetu, tulimwendea siku ya pili, naye hakukasirika. Yule mzee seremala alipanda ngazi, akaigonga boriti kwa nyundo, na unga ukamwagika kichwani mwake. Hapo hapakuwa na haja ya kitabu. Waliketi barazani, mwenye nyumba na mpangaji, wakapatana: ile kodi ya miezi miwili iliyozuiliwa ilitolewa mbele yetu, na ndiyo iliyonunua boriti mpya. Nyongeza ya kodi iliondolewa. Mpangaji akasaidia kushika ngazi.

Ile hukumu ya sala hatukuimaliza mpaka leo, nasi twaliacha suali hilo kwa wajuao zaidi. Lakini tumejifunza kuanza na lile la mzee aliyekaa karibu na mlango. Kila mmoja wetu aliye na ufunguo wa chumba anacholala mtu mwingine, na aulize kabla ya kuhesabu kodi yake: hali ya boriti ikoje?

Mwenyezi Mungu atuongoze katika haki, azihifadhi nyumba zetu na wanaokaa ndani yake, na asiyafanye mapato yetu kuwa hujja juu yetu Siku ya Kiyama. Amin.